Nilivyomkomesha Khamis Ndani ya Basi la Moroko

Mabela, Maskati

Mama yangu,

Maskati yote hii, tokea Matrah mpaka Kurayati, hakuna kijana anayenishinda kwa sura wala kwa akili, na asiyesadiki akiniona na kanzu yangu ya Ijumaa husadiki mwenyewe. Basi mwanao huyo anakuinamia na kukushika miguu. Goti vipi? Au bado unakaa chini kushona kofia na hali nimekukataza? Mie mzima, ila nna donge na Khamis, na barua hii yote ni yake.

Khamis huyuhuyu, mwenzangu wa chumba na wa dukani, aliyeleta posa kwa Dada Zuwena mkamweka asubiri jibu, kama ada. Mie mkanambia kwenye simu kwamba Dada kakubali, lakini nifunge mdomo mpaka Mjomba Haji apeleke jibu mwenyewe. Nikafunga.

Sasa, tajiri wetu wa duka la manukato akatutuma Moroko tukanuse marashi kule yanakotengenezwa. Kutoka Marakesh basi linapanda milima mchana kutwa, kona juu ya kona. Mie na kanzu yangu na kofia yako, abiria wakanidhania mtu mkubwa. Mzee mmoja akaniuliza kazi yangu, nikamjibu kwa Kiarabu, polepole kama tajiri: "Nna maduka matatu." Akanimenyea chungwa! Khamis, wala hakuulizwa, akapaza sauti: "Huyu? Huyu kazi yake kufuta vumbi chupa. Hata ufunguo wa duka hapewi." Basi zima likacheka, mpaka dereva.

Haikumtosha. Milima ikanichafua tumbo, mfuko sina, nikavua kofia. Ndiyo, Mama, ileile uliyonishonea kwa mkono wako. Nikatapikia humo. Unadhani Khamis alinishika mgongo? Alitoa simu akanirikodi, akawarushia vijana wote wa Mabela. Skuizi nikipita wananiita Sheikh Kofia. Hata muuza mikate, mtu wa heshima zake!

Nikaapa huyu nitamtia adabu.

Siku ya kurudi, milima ileile, nikamwambia, "Khamis, nna habari zako za Unguja. Sikutaka kukwambia."

"Sema, shemegi."

Shemegi! Keshajipa cheo.

"Dada Zuwena kakukataa."

Ungeiona sura yake, Mama! Mdomo ule unaonicheka siku zote ukafungwa kama duka saa ya sala. Halafu akaniuliza, "Kasema kwa nini?"

"Kasema hakutaki tu."

Akatazama nje. Kisha akainuka akanipisha dirishani. "Kaa hapa upate upepo, usije ukatapika tena."

Nikakaa. Nikala karanga zake vilevile. Wallahi sijapata kustarehe ndani ya basi kama siku ile.

Nisalimie Mjomba Haji, na Bi Asha jirani yetu anayekukandia goti, na yule mdogo wangu mvivu wa kuchota maji. Dada Zuwena usimsalimie kwanza. Barua anakuletea Bi Rahma anayekuja likizo, maana kwenye simu ungenikatiza kwa matusi kabla sijafika hapa.

Kitu kimoja tu, Mama, kilikwenda kombo. Nilipanga nimwache aungulike mpaka Maskati, halafu nimcheke, nimwambie kweli. Kumbe tuliposhuka Marakesh, mie niko nanunua juisi, yeye keshampigia simu baba yake mdogo huko Unguja aje hapo kwetu kuiondoa posa kwa heshima, ili Dada asipate tabu ya kutamka. Nimemwambia nilikuwa namtania. Nimeapa. Ananambia, "Usinihurumie, Seif. Wewe kila siku unasema uongo, lakini mara hii najua ulisema kweli." Hanisadiki, Mama. Mpeleke Mjomba kwao upesi.

Mwanao,
Seif