Disketi Niliyoifuta

Waaleikum salaam, mjukuu wangu Salma,

Nyanya yako anakusalimu, goti lake limepata nafuu.

Unauliza kama kompaila yenu mpya, hiyo inayounda programu, iache kuzihudumia kompyuta za zamani. Mi niliziacha. Wakati wa vita disketi zilikuwa adimu, nikafuta yenye kompaila kongwe, iliyozaa kompaila yangu mpya. Ni hiyo tu iliyojua kuunda programu za mashini za zamani.

Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja alikuja dukani kwangu, mtaa wa Asiatique, kwa miguu kutoka mtaa wa Kamenge, kompyuta yake kuukuu kaibeba kichwani. Alitaka programu ya kutunza majina ya wanafunzi wake waliotawanyika.

Nikamwambia, "Mashini yako imezeeka, mwalimu."

"Apana shida, fundi. Unisamehe kukusumbua."

Akaibeba tena. Wa kuomba msamaha nilikuwa mi, niliyeifuta ile disketi.

Babu yako