Mzigo Nilioshikishwa Relini Likasi

Mama, shikamoo kutoka stesheni ya Likasi, kwenye jua na vumbi jekundu! Treni huku ni adimu, kwa hiyo akina mama wamepanga soko juu ya reli yenyewe. Nilikuwa nachagua samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, mara honi ikalia: treni ya shaba. Hakuna aliyetaharuki. Desturi yao, kila mtu anabeba kilicho karibu naye, hata kama ni cha jirani. Karibu yangu alikuwapo mtoto wa muuza samaki.

"Weye mama, shika mutoto, miye nakamata samaki!"

Akarukia upande wa pili, nami nikabaki upande huu na mwanawe, mabehewa yakipita kati yetu polepole kama msafara wa harusi. Treni ilipoisha, alipanga samaki kwanza, akauza, ndipo akanikumbuka.

"Iko nalala? Basi, bakia naye kidogo."

Ulinionya nisimshikie mtu mzigo njiani, Mama. Huu umenikojolea gauni zima, na kuurudisha nimeona uchungu.

Lala usingizi wako bila wasiwasi. Niko kwa watu.

Mwanao,
Zuhura