Feni za Idrisa Zinaponyamaza

"Kadi ni chuma, na chuma hakina msiba. Futa mipangilio ya marehemu, sukuma kila kitu mpaka mwisho."

Ameandika hivyo Jabiri, mshirika wa marehemu mdogo wangu Idrisa, kwenye kundi la wachimbaji wa sarafu za mtandaoni. Jumamosi anakuja hapa kwetu Mwankoko kuifuta mwenyewe.

Uongo mara mbili.

Leo ni Alhamisi. Upepo umepiga bati tangu asubuhi, nami nimeamka na hasira. Nianze na uongo mwepesi. Kadi ya grafiki ukiisukuma mpaka mwisho haichimbi zaidi. Inachemka, inakosea hesabu, kompyuta inazima, umeme umeliwa bure. Idrisa alipunguza umeme, akashusha kasi ya prosesa, akapandisha ya memori kidogo kidogo, kila hatua akiiacha ifanye kazi kutwa nzima kabla ya kugusa nyingine. Mashine haikuzima hata tulipokuwa makaburini.

Uongo wa pili ndio unaoninyima raha.

Chumba cha mashine kimepakana na cha mama. Feni zikivuma, hasikii adhana. Basi Idrisa alizitegea saa: magharibi ikifika, kadi zinapunguza kazi, feni zinatulia, adhana inapita. Kila magharibi iliposogea, naye aliisogeza saa yake. Alifariki wakati wa masika, jua likichelewa kuzama. Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Siku hizi jua linawahi, adhana inamezwa na feni, na mama akishamaliza kuswali ndipo zinanyamaza.

Zikinyamaza, nyumba nzima inasimama.

Mimi ninayebishana na masheikh na wachungaji, niliyesoma mpaka nikajiona nimefukuza mizimu yote kichwani, nabaki na kikombe mkononi, sinywi. Najua ni saa tu.

Jana nilifungua programu nirekebishe. Mama akatokea mlangoni, msala begani.

"Hamisi, unatafuta nini humo?"

"Nasogeza saa, mama, upate kusikia adhana."

"Wakati wa sala naujua hata bila adhana. Mdogo wako ananisubiri nimalize kuswali ndipo aje. Wewe na ubishi wako, utamfungia mlango?"

Nikafunga programu.

Kinachonitisha si kwamba mama anaamini. Ni kwamba jioni hii, feni zilipotulia, nimejikuta nimesogea pembeni ya kochi, nimeacha nafasi ya mtu mmoja.

Jabiri, nawe na wote mliomwekea dole gumba kundini: Jumamosi msije na flashi ya kufutia. Njooni jioni, vueni viatu, mwamkieni mama, kaeni kimya mpaka feni zinyamaze. Halafu mmoja wenu amtazame usoni, amwambie kwamba chuma hakina msiba.