Jina Nililoliruka Haridwar

Khedli,
siku ya tisa ya mwezi wa Phalgun

Mpendwa Dada Phulwati,

Nainama na kugusa miguu yako kutoka huku mbali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao wote, na kwamba kikohozi cha shemeji kimepoa sasa baridi inapoanza kuondoka. Sisi hapa miili ni mizima. Mama anakula vizuri, goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi tu. Ngano ya shamba la juu imeanza kutoa masuke, na nyati wetu mweusi amezaa jike.

Najua umeshasikia kwamba mimi na Mama tumerudi kutoka hija, na najua umekasirika kwamba wiki nzima imepita na hakuna aliyekuletea hata kichupa cha maji ya mto Ganga. Maji yako yapo, Dada. Aliyechelewa ni mimi, maana kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Leo naandika yote. Nakuomba ukae chini kabla hujaendelea, na usome peke yako kwanza.

Safari aliitaka Mama mwenyewe. Mwaka mmoja tangu Baba afariki ulipotimia tu, alisema ameishi katika nyumba hii miaka arobaini, amezaa humu, amezika humu ujana wake, na hajawahi kukiona kitabu ambamo sisi sote tumeandikwa. Unakijua kitabu hicho kwa kusikia: kila ukoo wa huku kwetu una kuhani wake Haridwar, na babu za kuhani wamekuwa wakiwaandika babu zetu, nani kazaliwa, nani kafa, nani kaja kuoga mtoni na nani. Baba alikwenda mara mbili. Mimi nilikwenda mwaka jana kupeleka majivu yake. Nilijaribu kumzuia Mama. Nikataja baridi, nikataja umati, nikataja goti. Akaniuliza, “Goti ni langu au ni lako?” Nikaenda kukata tiketi.

Tuliposhuka Haridwar wakatuzunguka wale watumishi wa makuhani, kila mmoja akiuliza mnatoka kijiji gani, ukoo gani. Nilijifanya sisikii. Nikamshika Mama mkono na kumvuta upande wa vigari vya riksho, nikiwa na nia ya kumpeleka kuoga, kumpandisha hekaluni, na kumrudisha nyumbani bila kupita kwa kuhani wetu. Lakini Mama alisimama katikati ya watu na kujibu kwa sauti ile anayoitia nyati malishoni, “Khedli! Nyumba ya Ramdiya!” Kufumba na kufumbua mzigo wetu ulikuwa begani kwa mtu, na sisi tunamfuata nyuma.

Asubuhi tulikwenda kwanza kwenye ngazi za Har ki Pauri zinazoshuka mtoni. Mama alishika mnyororo, akazama mara tatu, akaibuka anacheka. Alisema maji yanauma kama yana meno. Dada, sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba aanguke. Wanawake wa Rajasthan waliokuwa kando wakaanza kucheka naye, wakamsaidia kubadili nguo, na dakika chache baadaye walikuwa wakigawana pilipili za achari kama watu waliokua pamoja.

Kutoka hapo tukaenda kwa kuhani wetu, Pandit Gangadhar. Amezeeka sasa, jicho moja limefungwa kitambaa baada ya kupasuliwa, na siku ile nyumba yake ilikuwa imejaa wageni. Alitoa daftari letu, lile refu jembamba lililofungwa kwa kitambaa chekundu, akalifungua, kisha akanisogezea. Akasema, “Wewe umesoma. Msomee mama yako, mimi nimalizane na hawa.”

Nikasoma. Nikamsomea baba yake Ramdiya, na Ramdiya, na wale ndugu wawili waliokufa kwa ndui. Mama alikuwa akirudia kila jina kwa sauti ya chini. Nikamsomea Baba alipokuja akiwa kijana, na alipokuja tena mwaka niliozaliwa mimi. Nikafika kwenye mstari unaofuata, nikauruka. Nikasoma ule niliouandika mwenyewe mwaka jana, wa kifo cha Baba.

Mama akaniuliza, “Na Ompal? Hakuna neno la Ompal?”

Nikasema, “Hakuna, Mama.”

Mstari niliouruka ulikuwa wa Ompal, Dada. Mdogo wetu alifika Haridwar miaka minne iliyopita, akauandika kwa mkono wake mwenyewe, na yale maandishi yake yanalalia kushoto kama zamani. Mimi niliuona mwaka jana, majivu ya Baba yakiwa bado yananing'inia shingoni mwangu. Nilirudi nyumbani, nikakukuta wewe umekaa na Mama, na sikusema kitu.

Mama hakulia. Akamgeukia Pandit na kumwambia kwamba ana mwana aliyeondoka mwaka wa mafuriko, baada ya baba yake kumwambia mbele ya watu kwamba anayemtaka binti wa mfinyanzi akalale kwa wafinyanzi. Alisema miaka kumi na miwili imepita bila salamu wala habari. Akauliza kama ni kweli mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa amekufa. Pandit akasema ndiyo, ikipita miaka kumi na miwili bila neno lolote anafanyiwa ibada ya wafu, ili kama kweli amekufa asitangetange na kiu huko aliko. Akahesabu siku kwa vidole, akasema siku njema ni kesho kutwa, mchana, kwenye ngazi za Kushavart. Mama akasema sawa. Akanitazama mimi, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Siku iliyobaki katikati tuliitumia kwenda Rishikesh. Tulivuka daraja linaloning'inia, nyani akamnyang'anya Mama mfuko wa vitamu vya hekaluni, na Mama akamtukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Wale wanawake wa Rajasthan tulikuwa nao. Kupanda kwenda hekalu la Nilkanth nilitaka apande gari. Akakataa, akavua viatu, akapanda kwa miguu na goti lake bovu, akipumzika kila kona. Mmoja wa wale wanawake, mnene, mwenye bangili hadi kiwikoni, akaniangalia na kumwambia Mama, “Dada, huyu mwanao mbona anatembea kama paka aliyekunywa maziwa ya watu?” Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ndani ya hekalu, Mama alimwagia jiwe la Shiva maziwa, akaweka paji la uso kwenye mlango. Nilikuwa nimesimama nyuma yake karibu kabisa. Nilimsikia akiomba kwamba, popote Ompal alipofia, pawe palikuwa na mtu wa kumtia maji mdomoni. Hakuomba lingine. Hakuombea goti, hakuombea mazao, wala hakumwombea Baba. Tuliposhuka nilitaka kusema. Nilijiambia nitasema tukifika darajani, kisha nikajiambia wakati wa chakula, kisha nikajiambia asubuhi. Asubuhi ilifika, nami nikaenda kwa kinyozi, nikakaa nikanyolewa kichwa kwa ajili ya ndugu yangu aliye hai.

Kushavart walikuwa wametengeneza mtu kwa nyasi takatifu za kusha, mrefu kama mkono wangu, wamemvika kitambaa cheupe. Kando yake kulikuwa na ufuta, madonge ya unga wa shayiri na kuni kidogo. Kuhani wa pale akasoma maneno yake, kisha akaniambia nitaje jina la marehemu mara tatu, na jina la baba yake, ndipo niwashe. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu yangu, amejifunika kichwa. Nikafungua mdomo, jina halikutoka. Kuhani akafikiri nimezidiwa na huzuni, akanigusa bega na kusema, “Jikaze, mwanangu. Mtoe nduguyo kiu.”

Nikasema, “Yuko hai.”

Kuhani alikasirika sana. Aliniuliza kama nadhani ibada ya wafu ni mchezo, na watu wa familia nyingine waliokuwa karibu wakaacha mambo yao wakatutazama. Mama yeye alisimama. Aliteremka ngazi, akamwokota yule mtu wa nyasi kabla moto haujawashwa, akamweka kwapani, akatangulia njia ya kwenda kwa Pandit Gangadhar. Nilimfuata na kichwa changu kilichonyolewa.

Alimtaka Pandit asome mwenyewe. Pandit akachukua kioo chake cha kukuza maandishi, akalisogeza daftari kwenye jicho zima, akasoma: “Ompal, mwana wa Harkesh, mjukuu wa Ramdiya, wa Khedli. Amekuja na mke wake Rukmini na binti yao Kusum wa miaka miwili. Sasa anakaa Ratlam, nyuma ya karakana ya reli. Amewaombea baba na mama maisha marefu.” Mama alimwomba arudie, akarudia, na akamwomba tena. Akaweka kidole chake pale penye wino, akauliza neno Kusum ni lipi. Pandit akamwonyesha. Akamwambia Pandit, si mimi, “Nina mjukuu.”

Tulipotoka uchochoroni alikaa kwenye kizingiti cha duka, akamfungua yule mtu wa nyasi uzi mmoja mmoja, akamlisha ng'ombe aliyekuwa anapita. Kisha ndipo akaniuliza nimejua tangu lini.

Sasa, Dada, hapa ndipo kalamu ilipokuwa ikinigomea wiki nzima. Nilimwambia Mama, na sasa nakuambia wewe. Ompal hakukaa kimya. Aliandika barua tano katika miaka mitatu ya kwanza. Unakumbuka kwamba mleta barua alikuwa akiziacha zote kwenye duka la chai, na mimi ndiye niliyekuwa nikizichukua, kwa kuwa ndiye msomaji wa nyumba. Ile ya kwanza niliificha kwa sababu Baba alikuwa amekataza jina lake lisitajwe, na nilijiambia namwepushia Baba hasira. Lakini Baba alipoa, Dada. Mwaka wa pili alianza kunisubiri langoni nikirudi. Hakuuliza kwa jina. Alikuwa akisema, “Leo kuna chochote?” Nikamjibu hakuna, na barua ya tatu ilikuwa mfukoni mwangu.

Usiniulize kama nilitaka shamba la Ompal. Nililitaka, ndiyo, lakini si hilo lililonifunga mdomo. Maisha yetu yote Baba alikuwa akiingia ndani anauliza Ompal yuko wapi. Mimi mkubwa, mimi ninayelima, mimi ninayesoma, sikuwahi kuulizwa niko wapi. Alipoondoka Ompal, Baba alianza kukaa nami jioni na kuniambia mambo ya shamba, na nikaogopa kwamba barua moja tu itanirudisha mlangoni. Wiki ya mwisho ya uhai wake, alipokuwa akiita “Ompal, Ompal,” wewe ukasema ni homa, nami nikakubali kwamba ni homa. Wewe hukujua. Mimi nilijua.

Na kila mwaka siku ya Rakhi, sikukuu ya dada kuwafunga ndugu zake uzi mkononi, ulikuja na nyuzi mbili. Ulinifunga wangu, kisha ukanifunga wa Ompal kwenye mkono huohuo, ukaniambia nimvalie mpaka atakaporudi. Nimevaa nyuzi zake kumi na mbili, Dada.

Mama hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Tangu Haridwar hadi hapa alisema nami mambo ya tiketi na maji ya kunywa tu. Nilipomwambia nitampeleka Ratlam mwenyewe, nikaanguke miguuni pa Ompal, alisema, “Wewe umekaa katikati yetu vya kutosha.” Anakutaka wewe. Anasema uje kabla ya sikukuu ya Holi, umwombe shemeji ruhusa, na kama shemeji akinung'unika umwambie ni yeye aliyesema. Ameshaweka tayari bangili ndogo za Kusum, na sari moja ya Rukmini, ile nyekundu ya arusi yake mwenyewe. Nilipomkumbusha kwamba Rukmini ni binti wa mfinyanzi, nikidhani labda majirani watasema, aliniambia anywaye maji ya chungu asiwadharau waliokifinyanga.

Barua hii naiandika uani mchana, na Mwalimu Vimla wa shule ya wasichana amekaa kando ya Mama, anamsomea kila ukurasa ninaoumaliza. Mama ndiye aliyemwita. Haamini tena macho yangu. Mara mbili ameniambia nirudi nyuma niandike kitu nilichokipunguza, na nimekiandika.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija, ukitaka kunipita langoni bila kunitazama, pita. Riksho itakusubiri kituoni, na chumba chako kimefagiliwa.

Mama anakusalimu sana na kukubariki. Msalimie shemeji, uwabusu watoto, na umpe pole mama mkwe wako kwa jino lake.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Ompal aliiweka katika ile ya kwanza kabisa aliyomwandikia Baba, na juu yake ameandika jina lako. Iko wazi kwa sababu niliifungua mimi. Anakuuliza kama na wewe umemkasirikia, na anasema atangoja jibu lako.

Mdogo wako,
Jagbir