Siku Ulipotengua Mafunzo Yako, Shangazi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua ungenikatiza kuniuliza nimekula nini, kwa hiyo niseme kabisa: nimekula ugali na mlenda, tena nimeongeza.

Leo nimezikumbuka wiki zile uliponifunda kwako Kwamsisi. Ulikuwa kungwi wa kijiji kizima, na mimi, mtoto wa kaka yako, ulinikazia mara mbili. Mwanamke ni usafi, ulisema. Ukanionyesha ndimu, majani ya mwarobaini na kipande cha shabu, na namna ya kujisafisha ndani asubuhi na jioni. Nikashika. Nikaolewa Korogwe, nikaendelea miaka tisa bila kukosa siku, na kadiri mtoto alivyochelewa ndivyo nilivyozidi kusugua, kwa sababu nilijiona mchafu.

Tulipokwenda Dar na mume wangu kupandikiziwa mimba mara ya kwanza, haikushika. Daktari akapima zaidi, akanieleza kwamba ukeni wanaishi bakteria wazuri wanaotulinda, na kwangu walikuwa karibu wameisha, wabaya wamejaa mahali pao. Akaniuliza huwa najisafishaje. Nikamweleza. Akanipa dawa, akanikataza kuosha ndani hata kwa maji matupu. Hakuniahidi mtoto. Alisema elimu hii bado wanaichimba, na si kila anayekosa mtoto tatizo lake ni hilo.

Nilikulaumu, Shangazi. Miezi miwili sikupokea simu zako. Mume wangu ndiye aliyekwambia sababu, na kesho yake ukawa mlangoni kwangu, umejifunga kanga kiunoni, umekuja kugombana.

"Yuko wapi huyo anayesema nimemharibu mwanangu?"

Nikakupeleka kwa nesi wa kliniki yetu. Akakuamkia, akakupa kiti, akakwambia bakteria hao ni ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Ukasogeza kiti karibu, wewe uliyegandisha maziwa kwenye kibuyu maisha yako yote.

"Kwa hiyo," ukasema polepole, "nimewafundisha mabinti kusugua kibuyu kwa sabuni kila siku, halafu nashangaa maziwa hayagandi?"

Nesi akacheka, kisha akawahi kukuonya kwamba mtindi ni wa kunywa tu, usije ukaenda kuwapaka watu. Alikuwa ameshakujua.

Tulipokuwa tukisubiri gari lako la Segera ukanishika mkono. "Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Unisamehe."

"Hamna neno, Shangazi," nikajibu haraka haraka. Neno lilikuwapo. Bado nilikuwa na hasira.

Ngoma ya unyago iliyofuata nilikuja Kwamsisi. Mabinti walikuwa wamekaa kwenye mkeka, makungwi wenzako nyuma yao. Ukasimama.

"Yale ya ndimu na shabu tuyaache. Nje muoshe kwa maji, ndani kunajisafisha kwenyewe. Mimi nilikosea, na aliyeumia ni huyu hapa."

Kungwi mmoja akaguna kwamba umelishwa maneno hospitali. Ukamwambia asubiri zamu yake ya kusema. Sijawahi kumwona mtu mzima akijishusha vile mbele ya watoto aliowafunda mwenyewe. Hasira yangu iliisha palepale, ila sikuweza kukwambia kwa sababu nilikuwa nalia, na baadaye nikaona haya.

Nikarudi Dar mara ya pili. Ulifariki siku nne kabla ya majibu.

Mimba ilishika, Shangazi. Sasa mtoto ana miezi saba na anang'ata kila anachokishika. Daktari mwenyewe hawezi kuapa kama ni dawa, ni kuacha kusugua, au ni Mungu tu, na mimi nimeacha kuuliza. Nakushukuru kwa safari ile ya kuja Korogwe kugombana, na kwa kukubali kukaa kwenye kiti cha nesi ukasikiliza. Kuna mabinti Kwamsisi ambao hawatapita nilikopita.

Watu hudhani nimekusamehe kwa kuwa nimepata mtoto. Nilikusamehe tumbo likiwa tupu, na ningebaki hivyo hata kama lisingejaa.

Mungu akulaze pema.

Mimi, mtoto wa kaka yako