Cucu Hakuniita

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya Thika inayoingia hadi kwenye mifupa. Nimefika nyumbani, mtaa wa Landless, nimefunga mlango kwa komeo na kufuli.

Sijawahi kuogopa kazini kama leo.

Wodi yetu ya wanawake inafaa kuwa na manesi watatu kila zamu. Mmoja yuko likizo ya uzazi na hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake. Mwingine aliitwa kusaidia wodi ya watoto. Nikabaki peke yangu, na vitanda vingine vimelaliwa na wagonjwa wawili wawili.

Kuna mama mmoja wa Mwihoko aliyevunjika nyonga. Huita kutwa nzima: mto, maji, dirisha, dawa ya maumivu. Simlaumu, maumivu ni yake. Leo mchana mwanawe, jamaa mrefu anayeuza mitumba Githurai, alikuja kumwona akakuta shuka ya mamake imelowa. Mimi nilikuwa namwekea mgonjwa mwingine oksijeni, nikamwomba anisubiri kidogo. Akaja akasimama kati yangu na mlango. Hakupaza sauti.

"Sista, mamangu akipatwa na kitu, najua geti unayotokea."

Sijui nilimalizaje ile oksijeni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kugawa chakula; nikakiacha kwenye kitoroli, nikaenda kwa mamake. Nikabadilisha shuka, nikamgeuza, nikampa dawa, nikapanga mto vile anavyotaka. Mwanawe alikuwa nyuma yangu, namsikia akipumua. Hata shuka iliponyooka, niliendelea kuinyoosha.

Kitanda cha mwisho kina nyanya mwenye kisukari. Wote tunamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Hajawahi kuniitisha kitu. Nilikuwa nimemdunga insulini, na alifaa kula mara moja, lakini sahani yake ilibaki kwenye kitoroli, mbali na mkono wake.

Nilipomfikia alikuwa amelowa jasho, hajui hata jina lake. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Nikamtia glukosi kwenye mshipa huku nikimwomba Mungu kwa sauti, mbele ya wodi nzima.

Alizinduka polepole, akaniangalia.

"Nilikuona una kazi mingi," akasema, "nikaona nisikusumbue."

Nilienda sluisi, mahali tunapooshea bedpani za haja za wagonjwa, nikalia.

Nilimweleza msimamizi wetu kuhusu yule jamaa. Akanishauri nisibishane na watu wa wagonjwa, na jioni nitokee upande wa mochari. Nikatokea huko, nikigeuka kila hatua.

Lakini Cucu nusura afe, na yule jamaa hakumgusa. Alinitisha tu, nami nikatii. Nilimhudumia aliyekuwa na mtu wa kumpigania, nikamsahau asiye na mtu.

Kesho niko zamu ya asubuhi. Nimejiambia nitaanza na wale wanaonyamaza, hata jamaa akiwa mlangoni.

Akiwa mlangoni kweli, miguu yangu itakubali kwenda kwa Cucu kwanza?