Askari Alipomuuliza Halimati

Mahajanga, Agosti 1979

Mume wangu Attoumane,

Salamu nyingi, sisi ni wazima. Nasema sisi, kwa kuwa nimemchukua Halimati, yatima wa marehemu dada yangu wa Nosy Be. Najua uliniambia nikamwone tu.

Jana tulizunguka mji huu, mgeni kwake na kwangu. Sokoni tulikula vitumbua. Tangu Wangazija walipouawa hapa miaka ile, naogopa kusema Kingazija kwa sauti, lakini askari alitusikia. Akanishika mkono, akaniuliza jambo kwa Kimalagasi. Sikuelewa neno. Watu wakatuzunguka.

"Anauliza kama umeniiba," Halimati akaniambia. "Anataka kujua wewe ni nani kwangu."

Ana miaka saba, na hajanizoea. Angeweza kuomba arudishwe Nosy Be.

"Mwambie upendavyo," nikasema.

Alieleza kwa kirefu huku akininyooshea kidole. Askari akacheka, akaniachia.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba wewe ni mgeni, hujui lugha wala njia, na mimi ndiye ninayekutunza."

Attoumane, tutafika Unguja wawili. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yeye mpokee.

Mkeo,
Echata